Kifaa Changu cha Njia Kimeanzisha Kilio Ukweni

Leo nimeumbuka. Siyo kule kuumbuka kwa kuteleza kwenye matope, watu wakacheka, ukainuka ukapangusa suruali ukaenda zako. Nimeumbuka ukweni, mchana kweupe, mbele ya nusu ya Lubondja, na shangazi yangu kavua kitambaa cha kichwa.

Naandika nikiwa Fizi, kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai na maandazi. Shangazi yuko hapa anakula. Mimi sina hamu. Nimeona niwaeleze mwenyewe, maana najua habari hii itafika Baraka kabla ya pikipiki yangu.

Mnakumbuka, wenzangu wa pikipiki, safari yetu ya Kazimia, ile niliyoongoza mimi. (Najua mnaikumbuka, mnanikumbusha kila Jumapili.) Pikipiki sita nyuma yangu, na wote tukaishia katikati ya shamba la mpunga. Mkaniuliza, "Wilondja, unapoteaje na ziwa liko kushoto kwako?" Siku ile nikaapa: nitanunua kifaa cha satelaiti cha kuonyesha njia, nikifunge kwenye usukani, na hakuna atakayenicheka tena.

Nilikichagua kwa miezi miwili. Feza, mchumba wangu, nilimchagua kwa siku moja, siku aliponipima suruali kwenye cherehani yake pale Baraka akaniambia miguu yangu hailingani. Lakini kifaa ni kifaa. Nilikwenda kwa Djuma, anayetengeneza simu karibu na soko, na akanipangia vitatu mezani.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha gari, kinasema Kifaransa cha haraka. Nilikijaribu mjini. Kabla sijamaliza kutafsiri, kona nimeshaipita. Cha pili kilikuwa kidogo, cha vitufe, hakisemi kitu, kinatoa mshale tu. Hicho nacho nikakikataa, kwa sababu nikiutazama mshale simwoni mbuzi aliye barabarani. Cha tatu ndicho kilichoniroga. Kioo chake kinasomeka juani. Unakigusa ukiwa umevaa glavu. Kinakula umeme wa pikipiki yenyewe. Ramani iko ndani, hakina haja ya mtandao. Djuma akachukua kikombe cha maji akakimwagia.

"Ona," akasema. "Inakunywa mayi na inasema tu."

Na kweli kilikuwa kinasema. Kwa Kiswahili! Sauti ya mwanamke, laini, ya Kiswahili cha ng'ambo, cha Tanzania. Mimi shule ya msingi niliisoma huko, miaka ya ukimbizi, kwa hiyo moyo ulinilainika palepale. Nikamwambia Djuma anifungie na kipaza sauti, niisikie hata nikiwa na kofia ya chuma kichwani. (Akili nyingi, mnaona.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukizindua, na siyo kwa matembezi. Leo ilikuwa siku ya kujionyesha kwa wazazi wa Feza, kule Lubondja, ambako sijawahi kukanyaga. Feza alitangulia Alhamisi kumsaidia mama yake kupika. Kabla hajapanda gari alinikalisha chini.

"Ukifika Lubondja, uliza tu kwa Papa Feza. Hata mutoto atakuonyesha."

"Mi naulizaka njia? Na mashini iko?"

Akanitazama, akaguna, akanitumia kwenye simu alama ya mahali nyumba yao ilipo. Kisha akasema jambo lililoninyima usingizi tangu siku ile. Baba yake alishawarudisha wanaume wawili kabla yangu. Mmoja alisema sana, mwingine alikuja na marafiki wenye kelele.

"Papa hapendi fujo. We fika, salimia, kaa, nyamaza. Acha Shangazi aseme. Papa akikataa mara moja, harudiaki nyuma."

Kwa hiyo mke wangu, na watoto wangu wote ambao hawajazaliwa, walikuwa wanategemea jambo moja: tufike kimya kimya, kwa heshima, bila fujo.

Sasa Shangazi. Shangazi Mwamini ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tuliporudi, na ndiye wa kuniombea mke. Mambo mawili myajue juu yake. La kwanza, sisi tulipovuka ziwa kukimbia vita, yeye hakuvuka. Alibaki milimani na Kiswahili chake ni cha huku huku. La pili, hakuna anayelia msibani kama yeye. Baraka nzima inamjua. Wanamwita hata kwenye misiba ya watu ambao hakuwahi kuwaona, na akianza yeye, hata waliokuja kwa ajili ya chakula wanatoa machozi.

Tukaondoka asubuhi. Yeye nyuma yangu na kitenge kipya, mimi mbele na shati lililopigwa pasi, kifaa kinang'aa kwenye usukani. Hatujamaliza hata nyumba kumi, mwanamke akasema kwa sauti ya kipaza: "Baada ya mita mia mbili, pinda kulia."

Shangazi akanishika jaketi.

"Huyu mwanamuke ni nani?"

"Ni mashini, Shangazi."

"Mashini inakuwaka na sauti ya mwanamuke? Unaenda kuomba mutoto ya batu, na mwanamuke mwingine anakusemesha mu masikio?"

Ningejibu kwa upole, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini nilikuwa na kifaa kipya na mdomo wa zamani.

"Shangazi, huyu iko anatuona toka juu, ku satelaiti. Barabara yote anaiona. Hata nyumba ya bakwe anaiona sasa hivi."

"Hata batu bako ndani?"

"Anaona kila kitu."

Akaliachia jaketi. (Hapo ndipo nilipojitia kitanzi, na nikakikaza mwenyewe.)

Ninyi mlioko Kigoma na kwingine ng'ambo, mnielewe hapa. Kwetu ule mkono wa kushika ugali tunauita kuume. Kuume na kushoto, au droite na gauche kwa waliokaa sana darasani. Kulia, kwetu, ni kutoa machozi, basi. Mimi kwa sababu ya ile shule ya ng'ambo neno lilikuwa linanipita bila kunigusa. Shangazi kila akilisikia alikuwa analiweka moyoni.

Kupanda kuja Fizi mnakujua: mashimo, kona, malori yaliyolala ubavu. Yule mwanamke alifanya kazi yake vizuri, sitamsingizia. "Kaa kulia," akasema. Tukapita lori. "Kaa kulia," akasema tena.

"Anasema tukae kulia," Shangazi akasema mgongoni kwangu.

"Ndiyo, nimesikia."

"Tuanze sasa?"

Nilidhani ananisaidia kusoma njia. Nikafurahi hata, nikasema moyoni, kumbe Shangazi kampenda.

"Hapana, Shangazi. Saa yake ikifika, atatuambia."

"Aya," akasema, taratibu sana.

Tulipotoka Fizi tukakuta kamba ya kizuizi imekatiza barabara, na jamaa wa kamba kakaa kwenye kiti. Nikasimama kwa adabu. Mwanamke akasema, "Endelea mbele moja kwa moja."

Jamaa akainuka.

"Nani amesema endelea?"

"Ni mashini ya kuonyesha njia."

"Njia ni hii. Huioni?"

"Naiona."

"Sasa mashini inakuonyesha nini?"

Mwanamke akarudia: "Endelea mbele moja kwa moja." Jamaa akainama mpaka uso wake ukakaribia kioo. "Mama, hii kamba ni ya kwangu," akamwambia. Alitukalisha pale jua likatupiga, mpaka Shangazi akamtajia ukoo wetu, na ikaonekana mama yake jamaa na Shangazi walilima bonde moja. Akashusha kamba. Mimi na satelaiti yangu hatukusaidia chochote.

Tukaiacha barabara ya Lulimba, tukaingia njia nyembamba, na hapo kona zikawa nyingi. Kulia. Kulia tena. Kushoto kidogo, kisha kulia. Nikawa nasikia Shangazi anavuta pumzi ndefu. Kwenye kijito akaniomba nisimame. Akashuka, akafungua kitenge, akakifunga upya kiunoni, kwa nguvu, na fundo mbele. Mimi nikaona mama anajitengeneza kwa ajili ya wakwe. (Mwanamke anayefunga kitenge namna ile anaenda wapi? Kila mtoto wa Fizi anajua. Mimi sikuona, nilikuwa napangusa kioo cha kifaa.)

"Wilondja," akauliza, "mu ile nyumba Papa ni muzee?"

"Muzee kidogo. Feza anasemaka iko na tension, damu inapandaka."

"Aa," akasema. "Tension."

Akapanda.

Tukafika. Na nyumba ilikuwa pale pale alama ilipokuwa, lazima niseme ukweli! Uwanja umefagiwa, viti vimepangwa, meza ina kitambaa cheupe, na harufu ya mbuzi inatoka jikoni. Mama Feza kasimama mlangoni anafuta mikono. Baba mdogo wa Feza, ndugu wa baba mkwe, kavaa koti la sikukuu. Feza mwenyewe yuko kando ya meza, kapendeza mpaka nikasahau breki ziko wapi. Baba mkwe tu ndiye hakuonekana. Kumbe alikuwa amekwenda na baiskeli sentani, kule kwenye maduka, kununua sukari ya chai yetu.

Nikapunguza mwendo. Nikatengeneza uso wa heshima. Na kipaza sauti kikatangaza, kwa uwanja mzima: "Umefika. Unakokwenda kuko upande wa kulia."

Shangazi aliruka kabla pikipiki haijasimama. Mikono kichwani, kitambaa chini.

"Uwiii, Papa Feza! Unatuachia nani? Tumekuja kukuona, hatukukukuta! Mulango yako tungepigia nani sasa!"

Nawaambia, hata mbuzi wa jirani alinyamaza.

Fikirini upande wa Mama Feza. Mume wake katoka asubuhi na baiskeli, ana tension, kachelewa kurudi. Sasa kwenye njia ile ile anatokea mama asiyemjua, kafunga kitenge cha msiba, analia kwa kumtaja jina. Mama Feza hakuuliza. Alikwenda chini. "Nilimwambia! Nilimwambia asiende na jua!" Feza akapiga ukunga. Watoto wakafuata. Baba mdogo akakaa chini na koti lake, vumbini. Majirani wakaingia kutoka kila upande, mama mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga wa muhogo kwenye beseni, kama inavyofanywa palipo na msiba.

Mimi nilisimama na kofia yangu ya chuma mkononi. Nikajiambia, Shangazi kaambiwa na mtu kwenye kile kijito. Kisha nikafikiria kwamba baba mkwe kafa kabla hajanikubali, na nani sasa atanikubali? Na mimi nikalia. (Naomba msiniulize nilikuwa namlilia nani.)

Shangazi alikuwa juu kabisa. Papa Feza, mtu asiyewahi kumwona, alimwita nguzo, alimwita kivuli, alimwita mwenye mlango usiofungwa. Watu wakaanza kumwitikia. Baba mdogo akasimama na yeye, akajipangusa, akasema kwa uchungu:

"Kaka alikuwa mutu muzuri. Alikuwa mutu wa kugawa. Hata ile shamba ya chini, ya mihogo, juzi tu aliniambia ni ya kwangu."

"Shamba gani?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya watu.

Tukageuka. Papa Feza alikuwa amesimama pale, kashika baiskeli, sukari imefungwa nyuma. Baadaye tuliambiwa kwamba alipofika alimuuliza jirani nani amekufa, na jirani, bila kuinua uso, akamjibu, "Papa Feza." Akauliza, "Papa Feza gani?" Akajibiwa, "Ule wa hapa." Basi akakaa kimya kusikiliza.

Mama wa kuni aliutupa mzigo akakimbia. Mama Feza akamshika mumewe mikono, mashavu, masikio, kisha akampiga kofi la begani kwa kuchelewa. Na Papa Feza, mtu asiyependa fujo, akatazama uwanja wake mzima, polepole, mpaka akafika kwangu.

"Nani ameleta habari ya kufa kwangu?"

Wote wakamwonyesha Shangazi. Shangazi, bado ana machozi, akainua kidole kuelekea pikipiki.

"Mi sikusema kitu ya kwangu. Aliyesema ni ule mwanamuke wake."

Feza akaacha kulia ghafla.

"Mwanamuke gani?"

"Mwanamuke wake wa ku moto, ku hii pikipiki. Tumetoka naye Baraka. Njia yote iko anamwambia tulie, tukae kulia. Na Wilondja anamutii."

Nimewahi kuanguka na pikipiki mbele ya shule nzima, na suruali ikapasuka. Ile ilikuwa mapumziko. Feza alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona na sitaki kuyaona tena, akasema, taratibu, "Mutoe huyo mwanamuke, tumuone."

Nikaenda kwenye pikipiki na kundi lote nyuma yangu. Nilitaka kuwaonyesha tu kwamba ni mashine. Nikagusa kioo, nikagusa tena, na vidole vyenye jasho vikachagua nilichochagua. Kipaza sauti kikasema mbele ya wakwe zangu: "Geuka. Rudi ulikotoka."

"Huyu iko na akili," Papa Feza akasema.

Hapo ikabidi nieleze. Niliinua mkono wa kuume juu, kama mtoto wa darasa la kwanza, nikawaambia kule ng'ambo huu ndio kulia. Watoto wakainua ya kwao. Shangazi akautazama mkono wake kana kwamba umemsaliti. Baba mdogo, ambaye nadhani alitaka sana watu wasahau shamba, akauliza:

"Sasa kule ng'ambo, mutu akifiwa, anapindaka?"

Kicheko kilichotoka pale kilinikuta hata mimi nikiwa sina hali. Feza alicheka mpaka akakaa chini. Wote walipomaliza, Mama Feza alikuwa bado anaanza. Papa Feza peke yake hakucheka. Akasema kuni zimeshafika na unga umeshafika, hauwezi kurudishwa, basi watu wapikiwe. Kisha akaketi.

Tukala. Sijui tulikula nini. Shangazi alisema maneno yetu ya kuomba mke, lakini kwa sauti ndogo, aibu imemshika, na mimi kichwani nilikuwa nahesabu: wa kwanza alisema sana, wa pili alikuja na kelele, wa tatu alikuja na msiba. Feza kila nikimtazama anatazama sufuria. Papa Feza akasikiliza, akaitika kwa kichwa, hakujibu. Jua likageuka. Nikasimama kuaga, na nilikuwa nimeshajua nimekataliwa.

Akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Peke yetu. Akaipiga tairi teke dogo.

"Nilisimama pale nyuma muda murefu," akasema. "Nimesikia kila mutu. Mudogo wangu alililia shamba. Jirani yangu hata jina yangu mara mbili alikosea. Ule mama yako hanijue hata sura, na alinililia mpaka na mi nikataka kulia."

Nikasema, "Pole, Papa."

Akaangalia huku na huku, kama mtu asiyetaka mkewe asikie.

"Siku yangu ya kweli ikifika, atakuja?"

"Atakuja, Papa. Hata kwa miguu."

Akaipiga tairi teke jingine.

"Basi chukua mutoto," akasema, akarudi kwa wageni wake.

Kwa hiyo wale mnaoniuliza mnunue kifaa gani kwa safari zenu za pikipiki: angalieni mvua, angalieni jua, angalieni betri, na kabla hamjalipa, mwombeni shangazi mmoja wa milimani akisikilize. Changu kinafanya kazi vizuri kabisa. Nimekizima sauti, na kutoka Lubondja mpaka hapa nimeuliza njia kwa kila mtu niliyekutana naye, hata kwa mwendesha baiskeli aliyekuwa anatoka kule kule niendako.

Nimepewa mke kwa machozi ya shangazi yangu, kwa msiba usio na maiti. Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza aandike hapa chini yeye wa kwake alimpataje.